Kiti Kimoja cha Kwenda Mitundu

Wifi yangu Dorika si mtu wa kuandikwa gazetini. Hajawahi kuwa balozi wa nyumba kumi, hajawahi kupewa cheti cha mkulima bora, na kwenye mkutano wa kijiji hukaa nyuma kabisa na kuondoka wa kwanza. Ukija kwetu leo, tangu tuhamishwe na kupangwa mistari kama mahindi, utamkuta nyumba ya tatu kutoka kisimani anapepeta mtama. Ukimsalimu atakujibu bila kuacha kupepeta. Mimi nimeishi naye miaka ishirini, na kuna safari moja tuliyosafiri pamoja ambayo watu wa hapa wanaisimulia vibaya. Wanasema Dorika aliogopa ndege. Dorika hakuogopa kitu. Ndiyo maana nimeamua kuiandika mwenyewe, maana ninyi mkiachiwa maneno mnayaozesha.

Kaka yangu Kefa ndiye aliyemtoa Mitundu. Kaka ni fundi mwashi. Alikwenda kule kujenga zahanati ya misheni, akakaa miezi minane, akarudi na mwiko wake, pima maji yake, na msichana mrefu asiyejua neno moja la Kinyiramba. Mama yetu alimtazama kuanzia nywele hadi kucha, akasema kwa lugha yetu kwamba hakujua kama wasichana wa Kiomboi wamekwisha. Bahati nzuri mgeni hakuelewa. Bahati mbaya alijifunza upesi, na hilo neno alilihifadhi.

Kwao ni msituni, watu wa mizinga na asali. Kwetu ni mawe, upepo, na ng'ombe wa mtu mwingine ndani ya shamba lako. Hakuwa mtu wa kulia, lakini sokoni akimwona mtu anauza asali alikuwa anachovya kidole, ananusa, analamba, halafu anasema, "Hii si ya kwetu," na kuondoka bila kununua. Wauza asali walimchukia. Akisikia lori lina mbao za kutoka Itigi alitoka barabarani na unga mikononi kumwuliza dereva kama amepita Mitundu, na kama amemwona mama mmoja mrefu anaitwa Ziada. Madereva walimcheka. Nani anapita njiani akiandika majina ya wamama warefu?

Kila mwaka kaka alimwahidi: tukishavuna utakwenda. Wakishavuna kulikuwa na nyumba ya mtu ya kujenga. Nyumba ikiisha, Dorika ana mimba. Mimba ikiisha, mtoto ana surua. Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo, na sikumbuki siku hata moja ambayo mtu alimkatalia. Alizaa mabinti wawili. Wa kwanza alimpa jina la mama yake, Ziada, na wa pili akaitwa Felista. Ndani ya nyumba alisema nao kwa lugha ya kwao tu, hata mama yetu akalalamika kwamba amepata wajukuu wa kuazima.

Sasa, mwaka ule wa Azimio la Arusha, mwezi wa nane, Jumatatu, ndege ndogo ya misheni ilitua Kiomboi ikiwa njiani kwenda Mwanza. Ilileta barua iliyoandikwa na Kombo, mganga wa zahanati ya Mitundu. Sista Martha, muuguzi wa hospitali, alikuja nayo mwenyewe hadi uani kwetu, akaisoma mbele yetu sote. Ilikuwa fupi. "Bibi Ziada hali yake si nzuri. Macho yamekufa yote mawili, na kula anakula kidogo sana. Anasema hivi: Mwambieni Dorika nimechoka kungoja. Aje, na awalete watoto niwashike, kwa sababu kuwaona ndiyo basi tena."

Dorika aliichukua ile barua, akaikunja ikawa ndogo kama tembe ya kwinini, akaitia kwenye ncha ya kanga akafunga fundo. Sista Martha akaendelea. Ndege ingerudi kutoka Mwanza siku ya Ijumaa, ikipita Kiomboi kwenda Tabora, na ingeshuka Mitundu kuacha dawa. Yeye mwenyewe angekuwemo, anakwenda kuchanja watoto. Kulikuwa na kiti kimoja. Kwa vile Kefa alikuwa amewajengea wauguzi nyumba nzuri isiyovuja, misheni ilimpa mkewe kiti hicho bure. Ila rubani ana sheria yake: mtu na mzigo wake wote, visizidi ratili mia na arobaini. Na baada ya Ijumaa hiyo ndege isingekwenda tena Mitundu hadi Krismasi.

Jioni hiyo uani kwetu palijaa wataalamu. Watu ambao hawajawahi kupanda hata baiskeli walijua yote ya angani. Mama yetu alitaka kujua kule juu mtu akibanwa na haja anashukia wapi. Mzee mmoja jirani alisema ndege ni nzuri ila haina pa kusimama kununua muhogo. Walipoishiwa, wakahamia barabara: basi hadi Singida, lori hadi Manyoni, treni hadi Itigi, na kutoka Itigi ni kungoja lori la mbao au la asali, siku mbili, siku nne, wiki, kadiri Mungu na dereva watakavyokubaliana. Kwa ndege ni saa moja na nusu. Unakunywa uji Kiomboi, mchana unakula ugali wa Mitundu.

Dorika aliwasikiliza wote, kisha akaniita jikoni.

"Wifi," alisema, "nikienda kwa ndege namkuta mama mzima, lakini mikono mitupu. Nikienda kwa barabara nakwenda na watoto, lakini sijui nitamkuta nani."

Nilimwambia aende na ndege, watoto watakwenda mwaka mwingine. Nilisema kwa haraka, kama ninavyosema mambo yote. Aliniangalia kama mtu aliyesikia neno hilo la mwaka mwingine mara kumi na moja.

Kesho yake alianza ujinga ambao nadhani ni sisi watu wa ng'ombe tu tungeweza kuufanya. Alikwenda ushirika, akamwomba karani, Simoni, ampime kwenye mizani ya kupimia mbegu za nyonyo, ile yenye ubao wa kuwekea gunia. Akatoka na ratili mia moja thelathini na moja. Maana yake zilibaki tisa, na mtoto wa ratili tisa ni wa kuzaliwa jana. Mama yetu akatoa shauri lake. Alisema ng'ombe asipokula siku tatu wakati wa kiangazi, ngozi inamlegea, mtu mmoja anaweza kumsukuma. Basi na Dorika afunge, apungue, amchukue Felista mapajani. Shauri hilo lilipita bila kupingwa, na mimi nilikuwemo. Siku mbili nzima Dorika alikunywa maji na vijiko viwili vya uji. Alitwanga, aliteka maji, aliokota kuni, jasho limtoke. Wanawake waliopita walimtolea hesabu kwa macho. Mmoja alimwambia, "Makalio ndiyo yanakuponza, mama Ziada," na Dorika alicheka kweli, mara ya kwanza tangu barua ifike.

Alhamisi mchana tulikwenda tena ushirika, tukiwa na watoto wote wawili. Dorika alipanda. Simoni akasogeza jiwe la mizani, akarudisha, akasogeza. Ratili mia moja ishirini na saba. Siku mbili za kufa njaa, ratili nne. Nafasi ya kuku imepatikana, ya Felista bado.

Alishuka akakaa juu ya magunia. Watoto hawakuwa na habari. Walikuwa wamekwisha panda wenyewe juu ya ule ubao, wanasukumana, Felista amemdandia dada yake mgongoni. Simoni, kwa kutaka kuondoa unyonge tu, akawapima.

"Themanini na sita," alisema. "Hawa wote wawili pamoja hawamfikii mama yao."

Dorika aliinua kichwa. "Umesema wawili?"

"Wawili. Themanini na sita."

Nilimwona akifikiri. Sijui kama umewahi kumwona mtu anayefungua mlango huku anaomba umfungie. Akasema taratibu, "Basi waende wao."

Hapo nilipata ulimi wangu. Nilimwambia ana wazimu wa njaa. Nilimwambia anayemlilia yule mama miaka yote hii ni yeye, si watoto, watoto wanalilia miwa. Nilimwambia akifika na mama yake amekwisha kuzikwa, asije akasema sikumwambia.

"Mimi ananijua, wifi," alinijibu. "Alinizaa, alinibeba, kila sehemu ya mwili wangu ameishika. Hawa hajawashika hata kidole. Waende wamwahi. Mimi nitawafuata."

Kaka hakupenda, lakini alikuwa na mkataba wa kujenga madarasa na hakuwa na haki ya kusema sana. Sista Martha alikubali. Alisema atawakabidhi kwa bibi yao mkono kwa mkono. Aliyefurahi ni mama yetu, maana zilibaki ratili hamsini na nne, naye alizijaza zote kwa vitunguu, karanga na kibuyu cha samli, akasema watu wa msituni watajua kwamba binti yao hakuolewa kwa maskini.

Ijumaa asubuhi, watoto walifungwa mkanda mmoja kwenye kiti kimoja. Ziada alikuwa amekaza uso kama mtu mzima. Felista aliuliza kama mama anakuja na ndege ya nyuma. Dorika akasema ndiyo. Ilipokwisha kupaa, sisi tuligeuka tukaondoka, yeye akabaki katikati ya ule uwanja, mkono juu ya paji la uso, hadi ng'ombe wakarudi kula majani pembeni yake.

Mama aliamua nimsindikize, mwanamke hasafiri peke yake, na mimi kwa wakati huo nilikuwa nimekwisha rudi kwetu kutoka kwa mwanamume ambaye hatutamtaja. Jumamosi tulipanda basi la Singida. Tulilala kwa Mrisho, mfanyabiashara aliyekuwa ananunua karanga za mama, watu wakarimu sana, wakatupa chumba na maji ya kuoga. Dorika alilala macho wazi. Jumatatu tukapata lori la kwenda Manyoni, tukakaa juu ya magunia ya ngozi, na harufu yake nilitoka nayo hadi Itigi. Gurudumu lilipasuka mara mbili. Treni tuliipata Jumanne. Itigi tulikaa Jumatano, tukakaa Alhamisi, tukiangalia kila gari kama watu wanaongoja posa.

Ajabu ni kwamba katika safari yote ile Dorika alikuwa na furaha. Mimi natukana vumbi, yeye anacheka. Aliongea kuliko miaka kumi na mmoja yote tuliyokaa pamoja. Alisema hivi sasa mama amekwisha mshika Felista masikio, maana Felista ana masikio ya babu yake. Hivi sasa amekwisha jua kwamba Ziada ana kidole cha mguu kilichopinda. Hivi sasa wamelala naye, mmoja huku, mmoja huku. Kila siku ya safari alijua mama yake siku hiyo anafanya nini. Aliniambia pia atakaloanza kulisema akifika. Kila siku lilikuwa jingine. Mwisho alisema hatasema kitu, atakaa tu karibu, mama atamjua kwa harufu.

Ijumaa tulipata lori la asali linalokwenda na mapipa matupu. Kwenye kizuizi cha mbung'o askari walipita na nyavu zao wakipekua gari kutafuta nzi, nasi tukashuka. Dorika akavua ndala akakanyaga mchanga, akaniambia, "Hapa ndipo kwetu panapoanzia." Mimi niliona miti tu, na miti mingine nyuma ya hiyo.

Tulifika Jumamosi kabla ya saa sita, siku ya nane. Dorika hakuuliza njia. Alikwenda mbio hadi mwendo ule haukufaa kwa mtu mzima, nami nyuma na mizigo. Na mama yake alikuwa hai. Alikuwa amekaa kwenye mkeka juani, mrefu kweli hata akiwa ameketi, macho meupe. Ziada alikuwa katikati ya magoti yake, anasukwa. Vidole vya yule bibi vilikuwa vinapita kichwani kwa mtoto, vinagawa nywele bila kukosea mstari. Felista alikuwa pembeni anakula karanga zetu.

Dorika alipiga magoti mbali kidogo. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa vumbi la siku nane, ikamtoka nzito kama ya mwanamume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema bibi, na mikono haikusimama. "Karibuni wageni. Mmetoka wapi na jua lote hili?"

Dorika akasogea. Akasema kwa lugha yao. Sikuijua, lakini jina lake nililisikia. Bibi alicheka polepole, kama mtu anayemsamehe mtoto wa jirani, akajibu kwa Kiswahili ili na mimi mgeni wa pili nielewe.

"Dorika huyu hapa," alisema, akakigusa kichwa cha Ziada. "Alirudi Ijumaa iliyopita. Amekuja na ndege. Miaka yote hii nilikuwa nasikiliza malori, kumbe atatoka juu."

Ziada aligeuka akamwangalia mama yake, machozi yamemjaa. "Nimemwambia kila siku, mama," alisema. "Hataki."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kombo, yule mganga, alitueleza kwamba akili za bibi zilikuwa zimeanza kurudi nyuma tangu masika, siku nyingine yuko hapa, siku nyingine yuko zamani. Siku ile ndege iliposhuka, watu walimpigia kelele kwamba Dorika ameleta watoto, yeye akalishika jina la kwanza. Kisha akasikia sauti ya binti inasema lugha ya nyumbani, sauti ileile, maneno yaleyale aliyomfundisha yeye. Aligusa kichwa, akafunga hesabu. Felista alimpokea vizuri tu, kama mtoto wa mtu.

Mimi nilitaka kumtikisa. Nasema kweli. Nilitaka kumshika mabega yule mama na kumwambia anachokifanya. Dorika alinishika mkono. Akainuka, akaulizia ndoo, akaenda kuteka maji.

Tulikaa wiki tatu. Dorika alimpikia, alimwogesha, alimpaka mafuta miguu, alimbeba mgongoni kwenda kivulini. Bibi alimshukuru kila mara, kwa heshima anayopewa mtu asiye wa nyumbani. Alisema yule mgeni wa Kiomboi ana mikono mizuri, mama yake alimfunza. Kila siku Dorika alijaribu mara moja kusema jina lake, asubuhi, akili za mzee zikiwa bado hazijachoka. Siku ya kumi aliacha.

Aliacha kwa sababu ya mazungumzo. Kwa kumchukulia kama mgeni, bibi alianza kumweleza habari za binti yake. Mama gani humweleza mwanawe mambo hayo machoni? Alimwambia alivyokaa siku ya tatu baada ya harusi akajikuta amepika chakula cha watu wawili. Alimwambia alivyokuwa anasikia lori, anabandika sufuria, halafu lori linapita, anakula peke yake chakula kingi kwa aibu. Alisema hakumkasirikia yule fundi, ila zahanati aliyoijenga hakuwahi kuingia kutibiwa hadi macho yalipomlazimisha. Dorika alikuwa anachambua mboga, anasikiliza, anauliza kidogo, "Halafu?" Na mwingine anaendelea. Mimi niliyazoea machozi yake yaliyokuwa yanadondokea kwenye mboga. Zilikuwa hazihitaji chumvi.

Wakati wa kurudi ulipofika, mvua zilikuwa karibu na shamba la Kiomboi halingejilima. Sote tulijua tatizo ni nini. Bibi hakumwachia Ziada hata kwenda kisimani. Akimkosa mkononi anaanza kuhema. Kumwondoa ilikuwa ni kumwambia bibi kwamba Dorika ameolewa tena. Shule ya misheni ilikuwepo, na Kombo na mkewe walikubali kumwangalia Ziada akibaki; Felista tungerudi naye. Dorika alimchukua binti yake nyuma ya nyumba, nami nikawafuata, sikujificha.

"Nitakuwa Dorika mpaka lini?" aliuliza Ziada.

"Mpaka bibi atakapochoka kukusuka," alisema mama yake. "Umsemeshe. Usimnyamazie. Akiuliza kama utaondoka, mwambie umerudi moja kwa moja."

Bibi aliishi hadi masika ya mwaka uliofuata, na Ziada alikuwa naye hadi mwisho. Mtoto alirudi Kiomboi na ndege ileile, mrefu kiasi kwamba kaka hakumtambua mara moja, na miezi yote ambayo hakuwepo Dorika alisahau kila jioni, anapakua sahani moja zaidi kisha anaisukuma pembeni. Sasa Ziada ni mwalimu huko Mgori, na mambo yake ataandika mwenyewe.

Lakini asubuhi ile ya kuondoka lori la asali lilisimama mbele ya uwanja, dereva akapiga honi. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, Ziada amekaa magotini pake kama siku ya kwanza. Dorika akapiga magoti kuaga. Bibi akapapasa nyuma yake, akatoa kibuyu cha asali alichokuwa ameficha, akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akamshika uso. Alimpapasa paji la uso, mashavu, kidevu, taratibu sana. Vidole vikasimama kidogo, vikaondoka.

"Umenitunza, mgeni wangu, na mimi si mama yako," alisema. "Usikae sana bila kumwona wako. Ukifika, nisalimie mama yako."

"Nitazifikisha salamu, mama," alisema Dorika.

Dereva akapiga honi mara ya pili, tukapanda.